Kuzeeka ukiwa mzima: maswali yanayojirudia kila siku

Nahudumia wazee majumbani hapa Dar, na kila nyumba naulizwa yaleyale, mara na mzee mwenyewe, mara na mtoto wake ananifuata nje getini ili mzee asisikie. Nimeyakusanya hapa. Kuna pale ambapo jibu ni refu kwasababu jambo ni refu, kwingine ni mistari miwili tu inatosha. Ukiona nimeandika "angalia swali fulani" ujue sitaki kurudia.

## Ya mwanzo mwanzo

Uzee unaanza miaka mingapi?

Kwenye makaratasi ya Tanzania ni 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema hivyo, na 60 ndio umri wa kustaafu kwa lazima serikalini. Ila kuna mtu wa 62 anahitaji kushikwa mkono kuvuka barabara na kuna bibi wa 80 anatoka Mbagala na ndoo ya samaki kichwani, kwahiyo namba peke yake haikwambii sana. Mimi naangalia vitu viwili: anainukaje kwenye kiti, na anajihudumia mwenyewe kwa kiasi gani.

Si kawaida mzee kuumwaumwa? Mbona tunaambiwa ni uzee tu?

Hapa ndo kwenye tatizo lenyewe. "Ni uzee tu" sio ugonjwa, lakini ndio jibu ambalo wazee wengi wanapewa, na watoto wao, na majirani, hata na watoa huduma wengine, alafu mtu anakaa mwaka mzima na kitu ambacho kingetibika ndani ya wiki.

Vya umri vipo. Usingizi unakuwa mwepesi, ngozi inakauka, herufi ndogo hazisomeki bila miwani, misuli inapungua, jina la mtu linachelewa kuja mdomoni. Hivyo sawa. Lakini kuanguka mara kwa mara sio umri. Kukonda bila sababu sio umri. Kujikojolea, kuchanganyikiwa ghafla, kukosa pumzi ukitoka chumbani kwenda sebuleni, kulala umekaa na mito mitatu, kukataa chakula, vyote hivyo vina sababu na sababu inatafutwa. Ukiambiwa uzee, uliza kwa adabu tu: "Sawa dokta, na kama sio uzee ingekuwa nini?"

Mbona Bi Kidude alivuta sigara na kunywa na akaishi miaka yote ile?

Swali hili lazima liulizwe na mzee mmoja anaevuta. Bi Kidude alifariki Aprili 2013, umri wake kamili hakuna aliyekuwa na karatasi yake, wengi wanaamini alipita 100. Sawa. Lakini yeye tunamkumbuka kwasababu alibaki, wale waliovuta pamoja naye wakafa na miaka 55 hatuwajui majina. Alafu watu wanasahau upande wa pili wa maisha yake, yule mama alikuwa anatembea kwa miguu, anapiga ngoma, anaimba jukwaani, anafunda wari, hakuna siku aliambiwa akae atulie. Kama mnataka kumuiga muigeni hapo.

Kuacha sigara kunasaidia hata ukiwa na 70, kifua na moyo vinapata nafuu umri wowote.

## Miguu, mazoezi na kuanguka

Mama ana miaka 68, tumempa dada wa kazi ili apumzike, lakini naona anazidi kudhoofika. Kwanini?

Kwasababu mmempumzisha. Naomba usikasirike, nia ni njema na ndio heshima tuliyofundishwa, mzazi amehangaika sasa akae. Ila misuli isipotumika inaisha, na kwa mtu mzima inaisha haraka kuliko kijana, wiki moja au mbili za kitandani zinatosha kumfanya mtu ashindwe kuinuka chooni mwenyewe. Nimeziona nyumba ambazo mama alikuwa anafagia uwanja, anachambua mchele, anaenda gengeni kununua nyanya na kubishana bei, watoto wakapata hela wakaleta msaidizi, tivii kubwa na sofa lile la kuzama, baada ya mwaka mama hatoki kwenye hilo sofa mpaka avutwe na watu wawili.

Mrudishieni kazi zake. Achambue mboga, amwagilie maua, aende dukani hata kama anachukua nusu saa kwa mwendo wa dakika tano. Msaidizi abebe ndoo na afue mablanketi, sio kila kitu. Na mtafutieni kiti kigumu chenye mgongo, sofa la kuzama sio la mzee.

Mazoezi gani na kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo unaokutoa jasho kidogo, na kwa wazee wanaongeza mazoezi ya nguvu na ya kujimudu mwili usiyumbe, siku tatu au zaidi kwa wiki. Ukizigawa hizo 150 ni kama nusu saa siku tano. Kutembea kwenda msikitini, kanisani, sokoni, zote zinahesabika. Kipimo chepesi: unaweza kuongea ukiwa unatembea lakini kuimba huwezi.

Watu wanaishia kwenye kutembea na kusahau nguvu. Zoezi langu ninalolipenda ni la kiti. Kaa kwenye kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani, kunja mikono kifuani, inuka wima, kaa, inuka, kaa. Hesabu unazofika ndani ya sekunde 30. Kwa umri wa 65 mpaka 69, mwanaume asipofika 12 na mwanamke asipofika 11 miguu imeshaanza kulegea na hatari ya kuanguka ipo. Usiogope matokeo, fanya mara chache asubuhi na jioni, baada ya wiki kadhaa namba inapanda yenyewe. La pili simama umeshika meza ya jikoni, inua mguu mmoja, hesabu mpaka kumi, badilisha.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata, acha hapohapo na ukapimwe.

Magoti yanauma, si nikitembea ndio yanasagika zaidi?

Hapana, kukaa ndio kunayaharibu. Goti linashikiliwa na misuli ya paja, paja likilegea uzito wote unaangukia kwenye kiungo. Anza na zoezi ukiwa umekaa: nyoosha mguu mmoja mbele, kaza paja, hesabu tano, shusha. Ukiwa na uzito mkubwa kupunguza hata kilo tano goti linajua. Kwenye vidonge vya maumivu usikimbilie, angalia swali la diklofenaki.

Goti likivimba ghafla, likawa la moto na homa juu, hiyo ni nyingine, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Tunawezaje kuzuia mzee asianguke nyumbani?

Ingia chumbani kwake usiku taa zikiwa zimezimwa, utembee njia yake ya kwenda chooni. Utaona mwenyewe. Unakuta mkeka umekunjamana mlangoni, waya wa chaja ya simu, ndoo, kizingiti kirefu, alafu bafu la saruji limelowa na kandambili alizovaa zimeisha nyayo mpaka zinang'aa. Khanga nayo ikifungwa ndefu inakanyagwa. Vitu hivi havihitaji hela: kandambili mpya zenye meno, taa ndogo ya sola inayokaa usiku kucha, mkeka ondoa.

Chenye hela kidogo ni choo. Choo cha kuchuchumaa kwa mtu wa magoti ni mateso na ndio mahali wengi wanaanguka. Kama huwezi kuweka cha kukaa, chukua kiti cha plastiki kile kigumu chenye mikono, fundi akitoboe katikati, kiwekwe juu ya tundu na miguu yake izibwe isiteleze. Pembeni fundi wa mabomba akuchomekee kipande cha bomba la chuma ukutani, usawa wa kiuno, cha kushikia. Choo kikiwa nje, usiku awe na kopo chumbani, hakuna aibu hapo.

Alafu kuna kuanguka kunakosababishwa na dawa. Mzee anaamka kitandani fasta, presha inashuka ghafla, macho giza, puu chini. Mfundishe akae ukingoni mwa kitanda kwanza, achezeshe miguu, ndio asimame. Ikiendelea apimwe presha akiwa amelala na tena akiwa amesimama, ile ya juu ikishuka 20 au zaidi dawa zake ziangaliwe upya.

Ameanguka, anasema nyonga inauma ila hakuna jeraha. Tumpeleke kwa anaeunga mifupa?

Msimpeleke. Ukiona mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, au hawezi kabisa kusimama, hiyo nyonga imevunjika mpaka picha iseme vinginevyo. Msimkande, msimvute mguu, mbebeni akiwa amenyooka. Nyonga ya mzee mara nyingi inahitaji upasuaji na mapema, akilazwa tu chali wiki na wiki kinachomuua sio mfupa, ni homa ya mapafu, damu kuganda na vidonda vya mgongo. Swali la mwisho kabisa huku chini linahusu kuamua upasuaji.

## Chakula

Mzee ale nini?

Anachokula siku zote, ila muongezee protini. Hili watu hawalijui, wanadhani mzee anahitaji uji na chai ya rangi na mkate basi. Wataalamu wa lishe ya wazee wanapendekeza kama gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yani mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72, na ukipiga hesabu ya ile chai na mkate hufiki hata robo. Dagaa ndio mkombozi, bei nafuu, na ukila na miba yake unapata madini ya mifupa. Mayai, maharage, choroko, mtindi, karanga zilizosagwa kwenye mchicha au kisamvu. (Asiye na meno watwangie dagaa wawe unga, mwaga kwenye uji wa chumvi, harufu inapotea ukikamulia limao.) Mwenye ugonjwa wa figo huyu kiasi chake cha protini apangiwe na daktari wake.

Mwenye sukari ale dona tu?

Dona ni bora kuliko sembe kwasababu ya makapi, lakini dona nayo inapandisha sukari, na mtu akishaambiwa "kula dona" anakula mlima. Ishu ni ukubwa wa tonge. Chora sahani yako: nusu mboga za majani, robo samaki au maharage au nyama, robo iliyobaki ndio ugali au wali au ndizi. Juisi hata ya matunda ya nyumbani bila sukari acha, kula tunda zima. Soda ni ya dharura tu, angalia swali la kutetemeka.

Chumvi kiasi gani?

Chini ya gramu 5 kwa siku, yani kijiko kimoja kidogo cha chai kwa kila kitu. Na usihesabu ya mezani peke yake. Viungo vya pakiti vya kuungia mchuzi ni chumvi, samaki ng'onda ni chumvi, na magadi yale mnayolainishia maharage na makande nayo yana sodiamu palepale, tena hayana ladha ya chumvi kwahiyo unajikuta umeongeza na chumvi juu. Loweka maharage usiku kucha, magadi hutayahitaji.

Hanywi maji, anasema atakojoa sana.

Wengi wanafanya hivyo, hasa wakisafiri na basi. Kiu ya mzee inapungua, kwahiyo akisubiri kiu keshakauka tayari, na kukauka kunaleta choo kigumu, kizunguzungu, hata kuchanganyikiwa. Mpe kidogokidogo mchana, punguza kuanzia magharibi. Mwenye moyo mkubwa au figo kiasi chake aambiwe na daktari.

## Presha, sukari na dawa

Presha ya mzee ni ngapi? Watu wanasema 100 jumlisha umri.

Hiyo hesabu ni ya zamani, itupe. Ukipima vizuri, siku tofauti, ikawa 140/90 kwenda juu, hiyo ni presha hata ukiwa na 75. Daktari anaweza kukuwekea lengo la kwako kama ni dhaifu sana au unaanguka, lakini aamue yeye.

Kupima vizuri ndio kazi. Mtu anapanda kutoka kituoni na jua, anaingia duka la dawa, ananyoosha mkono juu ya sweta, anaongea na simu, inasoma 170 anapewa vidonge. Kaa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nguo imevuliwa mkononi, umeshakojoa, na kahawa na mazoezi viwe nusu saa nyuma. Pima mara mbili. Andika kwenye daftari na tarehe, daktari atakupenda.

Nimetumia dawa presha imeshuka, naweza kuacha?

Imeshuka kwasababu unatumia. Kiharusi kingi ninachokiona kina hadithi hiyohiyo, "alikuwa anatumia ila alijisikia vizuri akaacha", au zilimwisha akasubiri mtoto atume hela. Kitunguu saumu na limao kula kama chakula, lakini kidonge kibaki. Kama dawa inakusumbua sema: amlodipine inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, zile za kundi la enalapril na lisinopril zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, na zipo nyingine za kubadilishia. Kuacha kimyakimya hapana.

Diklofenaki kila siku ina shida gani? Mbona inauzwa tu?

Inauzwa ndio, na kwa mzee ni moja ya dawa zinazoumiza zaidi. Hiyo na ibuprofen zinapandisha presha, zinagonga figo, zinachimba tumbo mpaka mtu anapata choo cheusi kama lami, na ukichanganya na dawa za presha za kundi fulani pamoja na za kukojoza, figo zinaweza kuzima. Kwa maumivu ya kawaida anza na paracetamol, kwa kipimo kilichoandikwa, au dawa ya kupaka.

Na kuna zile chupa na vidonge vya "mifupa na viungo" vinavyouzwa kwenye mabasi na spika. Dawa ya kienyeji ikimaliza maumivu ndani ya saa moja na mzee akaanza kunenepa uso, kuna uwezekano wamechanganyia steroidi, dawa kali ya hospitali ya kutuliza uvimbe. Usiikatishe ghafla kama ametumia muda mrefu, nenda nayo hospitali kwenye chupa yake waione.

Ana dawa kumi, nyingine hatujui za nini.

Zitie zote kwenye mfuko mmoja, za hospitali, za famasi, za kienyeji, alizopewa na jirani, peleka mfuko mzima kwa daktari mmoja azipitie. Mara nyingi unakuta mbili ni dawa ileile kwa majina ya kampuni tofauti.

Ana sukari, ghafla anatetemeka, jasho, anaongea hovyo.

Sukari imeshuka, mtibu kwanza maswali baadae. Kama anameza vizuri mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima, ikiwa bado chini ya 4 (mmol/L) rudia. Akipata nafuu ale. Kama amezimia usimmiminie kitu mdomoni, mkimbize.

Anataka kufunga Ramadhani na ana sukari na presha.

Aende kliniki mwezi mmoja au miwili kabla, dozi na nyakati zipangwe upya. Kujichoma kidole kupima sukari hakuvunji funga, hilo waulizeni na masheikh watawaambia. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda kupita 16.6 anafungua hapohapo, hata kama zimebaki dakika kumi kuadhiniwa. Anaechoma insulini mara nyingi kwa siku, mwenye figo, au aliyezimia kwa sukari karibuni, huyu asifunge, na dini imempa nafasi ya fidia. Kazi ngumu ni kumshawishi bibi aliyefunga tangu utotoni, na hapo imamu anaemheshimu anafanya kazi kuliko mimi.

## Macho, masikio na sehemu za kuona aibu

Haoni vizuri, tusubiri mpaka "mtoto wa jicho" akomae?

Hakuna kusubiri akomae, hiyo ilikuwa zamani. Upasuaji wake ni mfupi, sindano ya ganzi jichoni, lenzi inabadilishwa na wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Presha ya macho ndio ya kuogopa maana inakula uoni wa pembeni taratibu bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Kama kuna ndugu wa damu aliyepofuka nayo, pimeni wote kuanzia miaka 40.

Bibi ana macho mekundu miaka yote. Kuna maneno mtaani kwamba ni mchawi.

Nalijibu hili kwa uzito wake maana Kanda ya Ziwa wameuawa bibi wengi kwa maneno hayo. Macho mekundu ni moshi. Mama aliyepika miaka 50 kwenye jiko la kuni au kinyesi cha ng'ombe, kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yatakuwaje? Mengine ni trakoma, ukavu, au kope zinazogeukia ndani na kuchoma jicho. Mpelekeni kliniki ya macho, badilisheni jiko, na maneno yakianza kusikika msingoje, toeni taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa na polisi, ikibidi mhamisheni.

Hasikii, anapiga kelele kwenye simu.

Anza na nta, ikatolewe hospitali, sio na njiti ya kiberiti. Kama sio nta apimwe. Mzee asiyesikia anaacha kwenda vikao, anaacha kuongea, na kutosikia ni moja ya mambo yanayochangia kupoteza kumbukumbu (angalia swali la kusahau).

Kupima tezi dume, lazima kidole?

Wanaume wanasafiri mikoa miwili kukwepa hiki kidole! Kuna kipimo cha damu cha PSA na kuna utrasaundi, vinasaidia sana kuanzia, lakini kuna saratani ambayo PSA inakuwa ya kawaida na kidole kinaigusa. Ni sekunde chache. Na kuvimba tezi sio saratani, kwa wengi ni kukua tu kwa umri na kuna vidonge. Dalili: kuamka usiku mara nyingi, mkojo kuanza kwa shida, kukatikakatika, kuhisi haujaisha. Mkojo ukigoma kabisa ni dharura ya usiku huohuo.

Hedhi ilikoma miaka mingi, sasa ametoka damu kidogo.

Hata tone moja, aende. Sio hedhi kurudi, sio ujana. Mara nyingine ni ukavu tu, mara nyingine ni saratani ya mapema inayotibika.

Tendo la ndoa ukubwani?

Ruksa, hakuna umri wa mwisho. Mama akiwa na ukavu kuna vilainishi famasi. Baba nguvu zikipungua apimwe sukari, presha na moyo kwanza, maana mishipa ya huko ni midogo na inaziba mapema kuliko ya moyo. Vumbi la Kongo na vidonge vya kununua kichochoroni aache, na akiwa anatumia dawa za moyo za kundi la nitrati, hivyo vidonge vinaweza kumshusha presha mpaka afe.

## Kichwa

Anasahau. Ndio ugonjwa wa kusahau au umri?

Kusahau simu iko wapi ni wewe na mimi. Kupotea njia ya kurudi nyumbani kutoka msikiti aliouswalia miaka 30, kushindwa kupika chai aliyoipika maisha yote, kumshuku mkwe kila siku kwamba ameiba khanga, hiyo ikapimwe. Wapime na vinavyofanana nayo lakini vinatibika: tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12 (hasa aliyetumia metformin, dawa ya sukari, miaka mingi), sonona baada ya kufiwa, na dawa za usingizi.

Kuzuia? Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14, na kwamba yakidhibitiwa yote karibu nusu ya visa vingeepukika au kucheleweshwa. Kuna presha, sukari, sigara, kutosikia, kutoona, kutofanya mazoezi, upweke. Yani yaleyale ya huko juu. Na kichwa kifanye kazi: bao, karata, kusoma, kuhesabu vikoba. Mzee Kimani Maruge wa Kenya alianza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84.

Jana alikuwa mzima, leo anaongea na watu wasiokuwepo.

Mabadiliko ya siku moja au mbili sio ugonjwa wa kusahau na sio majini. Tafuta malaria, maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, kukauka maji, sukari, dawa mpya. Mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila hata joto kupanda. Hospitali leo.

Mdomo umeenda upande. Wanasema upepo mbaya.

Muambie atabasamu, anyanyue mikono yote, aseme sentensi. Kimoja kikigoma ni kiharusi. Angalia saa, andika, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya saa nne na nusu na lazima apigwe picha ya CT kwanza, kwahiyo ulizeni hospitali yenye CT na muende huko moja kwa moja. Usimpe maji, chakula, wala kidonge cha kushusha presha. Mgeuze ubavu. Hata dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi bado muende.

## Haki na maamuzi

Matibabu ya wazee si bure?

Tanzania sera inasema wazee wa 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bure kwenye vituo vya umma, lakini lazima watambuliwe, yani serikali ya mtaa na ustawi wa jamii wamwandikishe apate kitambulisho. Fuatilieni akiwa mzima, sio akiwa kwenye machela. Dirisha la wazee likiwepo litumieni. Zanzibar kuna Pensheni Jamii kwa kila aliyefika 70, ilianza 2016 na shilingi 20,000 kwa mwezi ikaja kupandishwa. Kenya kuna Inua Jamii, 70 kwenda juu, shilingi 2,000 za huko kwa mwezi.

Bibi ana miaka 88, daktari anasema upasuaji. Familia imegawanyika.

Umri peke yake sio sababu ya kukataa wala kukubali. Cha kuangalia ni alivyokuwa mwezi mmoja kabla hajaumwa. Kama alikuwa anaenda shambani na kupika, mwili wake una akiba. Kama alikuwa kitandani miaka miwili hajitambui, mazungumzo ni mengine.

Muulizeni daktari: tukifanya atarudi kutembea au la, tusipofanya itakuwaje wiki zijazo, hatari ya ganzi kwa moyo wake ni ipi, na nani atamuuguza baada ya hapo. Alafu muulizeni mwenyewe, kama akili yake iko sawa yeye ndio mwenye mwili, sio kaka mkubwa anaepiga simu kutoka Muscat. Majibu yote andikeni kwenye daftari lile la presha, maana baba mdogo atashuka kesho asubuhi na basi la Morogoro na atataka kuelezwa upya kuanzia mwanzo.